Kitabu pepe cha shilingi 50: jinsi ya kujua kama ni halali kukinunua

Tangazo lenyewe unalijua: "Vitabu softikopi, kimoja hamsini. Folda ya vitabu 5,000, mia tatu tu. Lipa M-Pesa, linki unatumiwa papo hapo." Kitabu hichohicho dukani ni shilingi 1,200 za Kenya, na kwenye Kindle, duka la vitabu pepe la Amazon, ni dola 12.99. Kabla hujaingiza namba ya siri, yapo mambo ya kukagua, na mengi yake ni kazi ya dakika kumi.

Kwanza tuondoe dhana inayowapoteza wengi, kwamba bei ndiyo ushahidi. Vitabu pepe halali vya bure vipo, na vya chini ya dola moja vipo. Vya wizi navyo vipo vinavyouzwa karibu na bei ya dukani ili mteja asishtuke. Kinachotenganisha ni ruhusa: je, mwenye hakimiliki amemruhusu huyu muuzaji auze nakala hii? Ukaguzi wote unaofuata ni wa kulijibu swali hilo.

Kitabu pepe hakina mtumba

Ukinunua kitabu cha inama pale Nairobi, vile vinavyotandazwa kando ya njia, unachukua nakala ya karatasi iliyokwisha kuuzwa. Mchapishaji alishapata chake, na aliyekuuzia anabaki mikono mitupu. Wauzaji wa PDF hupenda kujifunika kwa mfano huo: "Nilinunua kwa pesa yangu, nauza mali yangu." Hoja hiyo haisimami. Kutuma faili ni kutengeneza nakala mpya. Yeye anabaki na yake, wewe unapata yako, na jioni anawauzia wengine kumi. Haki ya kunakili na kusambaza ni ya mwenye hakimiliki, na hainunuliki kwa kununua nakala moja.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikata jambo hili tarehe 19 Desemba 2019 katika kesi ya Tom Kabinet, kampuni ya Uholanzi iliyofungua soko la vitabu pepe "vilivyotumika". Uamuzi: kumuuzia mtu kitabu pepe kwa kupakua, hata kama kilinunuliwa kihalali mwanzo, kunahitaji idhini. Mwaka mmoja nyuma, Desemba 2018, mahakama ya rufaa huko New York ilikuwa imefika palepale kuhusu faili za muziki, kwenye kesi ya ReDigi. Hukumu hizo hazizifungi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam, lakini muuzaji akikuambia "Ulaya wanaruhusu", ujue hajui asemalo.

Duka kubwa nalo si kinga kamili. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza Marekani. Pesa zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja alijikuta maelezo aliyoyaandika pembeni mwa kurasa hayamfai tena. Vilikuwa vikiuzwa dola 0.99.

Sheria inamgusa nani

Kenya kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, Sura ya 130, inayosimamiwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kifungu cha 38 kinamlenga anayetengeneza nakala za wizi ili auze, anayeuza, anayesambaza, na anayekutwa nazo kwa matumizi yasiyo ya binafsi na nyumbani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyatazama. Msomaji aliye na nakala moja kwenye simu yake hayuko mahali pamoja na mwalimu aliyeinunua kisha akaitupa kwenye kundi la wazazi 60, wala na mwenye saiba anayeichapa karatasini na kumtengenezea mteja kitabu. Hao wawili wa mwisho ni wasambazaji, hata kama hawakutia faida mfukoni. Msomaji naye asijione ameokoka kabisa: kupakua ni kunakili, na mwenye haki anaweza kumfungulia kesi ya madai.

Tanzania Bara hali ni kali zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaijua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ile ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania (Zanzibar wana yao ya 2003, chini ya ofisi yao, COSOZA). Wanayoisahau ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu chake cha 24 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu, na kinaadhibu hata pasipo biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kukiwa na biashara, faini haipungui milioni 20 na kifungo hakipungui miaka 5. Kwa hiyo ile kauli ya "nimewagawia bure tu" haikutoi nje ya kifungu, inakuhamishia kwenye fungu la kwanza.

Neno "nia" lina uzito wake hapo. Aliyedanganywa na tovuti iliyotengenezwa ikafanana na ya mchapishaji ana cha kujitetea. Aliyeandikiwa waziwazi "hizi tumezitoa chimbo", yaani kwenye tovuti za wizi, hana.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Anza kwa mchapishaji, si kwa muuzaji. Tafuta jina la kitabu kwenye tovuti ya mchapishaji au ukurasa wa mwandishi uone kama nakala pepe ipo kabisa. Vitabu vingi vya Kiswahili, hasa vya fasihi vinavyosomwa sekondari, vimetoka kwa karatasi tu. Kama mchapishaji hajawahi kutoa nakala pepe, PDF unayouziwa mtu ameiskani, na ukaguzi umeishia hapo.

ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, inakusaidia kumpata mchapishaji. Ina tarakimu 13. Baada ya 978, kitabu cha Kenya mara nyingi huanza na 9966, cha Tanzania na 9976 au 9987. Lakini usipotezwe na muuzaji anayekutumia picha ya ISBN kama cheti. Namba hiyo inathibitisha kuwa kitabu kipo duniani. Mwizi akiiskani kurasa zote, ukurasa wa ISBN nao umo.

Kisha muulize muuzaji moja kwa moja, kwa heshima na kwa maandishi:

"Habari ndugu. Kabla sijalipa, naomba kujua: una idhini ya mchapishaji ya kuuza nakala pepe ya kitabu hiki? Kama ipo, nitumie linki ya tovuti yao inayokutaja wewe kama wakala."

Muuzaji halali hakasiriki kwa swali hilo; jibu analo tayari. Yule mwingine atakuambia "mkuu, hivi viko online bure, mimi nachaji bando tu", au atakuuliza kama unataka kitabu au unataka kesi. Majibu ya aina hiyo yahesabu kama "hapana". Ukitaka uhakika kamili, mwandikie mchapishaji: taja kitabu, ISBN, bei na chaneli ulikokiona, uliza kama wamemruhusu, na uliza wao wenyewe wanauza wapi nakala pepe. Mara nyingine swali la mwisho ndilo linalokupatia kitabu.

Dalili nyingine hazihitaji maelezo marefu. Folda ya maelfu ya vitabu vya wachapishaji tofauti kwa bei moja: hakuna mtu aliyefanya makubaliano na wachapishaji wote hao ili apate shilingi mia tatu. Kitabu kilichotoka mwezi jana lakini tayari kinauzwa shilingi 50. Malipo kwenda namba binafsi yenye jina lisilolingana na la duka. Na muuzaji anayebadilisha jina la chaneli kila wiki.

Faili ikishafika mkononi

Pengine ulilipa kwanza ukashtuka baadaye. Faili yenyewe inasema mengi.

Kwenye PDF, ifungue katika Adobe Reader kwenye kompyuta na ubonyeze Ctrl+D. Dirisha la sifa za faili litakuonyesha programu iliyoitengeneza. Kazi ya mchapishaji kwa kawaida huonyesha programu ya kupangia kurasa, kama InDesign. Ukiona CamScanner, au jina la mashine ya kuskani, umepata jibu. Kwenye simu fanya hivi: gandamiza kidole kwenye neno. Neno lisipochaguka, ukurasa ni picha. Riwaya ya maneno matupu katika EPUB, muundo wa faili wa vitabu pepe, kwa kawaida haizidi megabaiti chache. Iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hufika makumi ya megabaiti, inakula bando, na huwezi kutafuta neno ndani yake. Iliyopitishwa kwenye programu ya kusoma herufi nayo hujitoa kwa makosa: "ng'ombe" inakuwa "ng ombe", na vichwa vya kurasa vinaangukia katikati ya sentensi.

Kwenye EPUB, tengeneza nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .epub kuwa .zip, kisha ifungue. Ndani utakuta folda, mara nyingi OEBPS, yenye faili inayoishia na .opf. Ifungue kwa Notepad na utazame mistari inayoanza na dc:publisher, dc:identifier na dc:rights. Ikiwa mchapishaji hayupo na mstari wa dc:contributor unataja calibre, faili imepitishwa kwenye programu ya kubadilishia miundo. Hilo peke yake si ushahidi wa wizi, maana hata mchapishaji mdogo anaweza kutumia Calibre. Bali kitabu cha kampuni kubwa ya London chenye alama hiyo na kisicho na ukurasa wa haki hakikutoka kwao kikiwa hivyo.

Tazama pia jina la faili na kurasa za mwisho. Maandishi kama "z-lib.org" au "OceanofPDF" ni anwani ya chimbo. Novemba 2022 serikali ya Marekani ilikamata majina mengi ya tovuti ya Z-Library, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya wizi, na bado mafaili yake yanazunguka Telegram na jina likiwa palepale, watu wakiyauza bila hata aibu ya kuyabadilisha. Ukikuta barua pepe ya mtu usiyemjua chini ya kurasa, hiyo ni nakala aliyouziwa yeye na duka halali, ikawekewa alama yake, ikavuja.

Yapo mambo ya kutofungua kabisa: "kitabu.pdf.exe", kitabu kinachokuja kama .apk, na faili iliyobanwa kwa nywila ambayo nywila yake unatumiwa kando. Kitabu hakihitaji kusakinishwa. Nywila kwenye faili iliyobanwa huwa na kazi moja kubwa, kuizuia programu ya kukagua virusi isione kilichomo. Linki inayokutaka uingize nywila ya Gmail "ili folda ifunguke" ni ya kuiba akaunti, na hapo unapoteza zaidi ya shilingi 50.

Hesabu ya miaka 50

Muuzaji akisema "hiki ni cha zamani, hakina hakimiliki", huenda anasema kweli. Chukua kalamu. Kenya na Tanzania ulinzi hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban Robert alifariki 1962. Jumlisha 50, unapata 2012. Tangu 2013 maneno yake yako huru kwa hesabu hiyo. Toleo jipya lenye utangulizi, maelezo na michoro ya watu walio hai ni jambo jingine: maneno ya Shaaban ni huru, hayo mengine si huru, kwa hiyo kuliskani toleo zima bado ni kosa.

Tafsiri ndiyo inayowanasa wengi. Shakespeare yuko huru tangu zamani za kale. "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya tamthilia yake, ni kazi ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, hivyo inalindwa hadi mwisho wa 2049. Anayeiuza akisema "Shakespeare hana hakimiliki" amehesabu kifo cha mtu mwingine.

Nchi nazo hutofautiana. Orwell alifariki 1950: kwa miaka 50 ulinzi unakwisha mwisho wa 2000, Uingereza, kwa miaka 70, ulikwisha mwisho wa 2020, Marekani, wanakohesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa vitabu vya enzi zile, kitabu chake "1984", kilichotoka 1949, kinalindwa hadi mwisho wa 2044. Kwa hiyo faili anayoisoma mtu wa Mombasa bila tatizo inaweza kuwa tatizo kwa binamu yake wa Minnesota. Hesabu kwa sheria ya nchi unayopakulia.

Biashara zinazofanana na halali

Kuna anayeuza akaunti badala ya kitabu: "Kindle yenye vitabu 200, shilingi 500, usibadilishe nywila." Masharti ya maduka haya kwa kawaida hayaruhusu akaunti kuuzwa, na baadhi zimejazwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi akilalamika, akaunti inafungwa na vitabu vinakwenda nayo. Usiweke kadi yako humo hata kwa ununuzi mmoja, kwa sababu hujui nani mwingine ana nywila.

Kuna "haki ya kuuza tena". Hii ni biashara ya kweli, lakini ni kwa vijitabu vilivyoandikwa makusudi viuzwe hivyo, aghalabu vya lishe, biashara na "kutengeneza pesa mtandaoni". Mwenye nayo anayo leseni iliyoandikwa. Haiwezi kuzaliwa juu ya riwaya ya mchapishaji kwa muuzaji kuandika tu "resell rights" kwenye tangazo.

Na kuna wanaokuuzia cha bure. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao yao, ol.tie.go.tz. Miongozo ya mtaala ya Kenya hupakuliwa bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya huko. Hata hivyo kila Januari utaona "seti kamili, elfu tano". Tafuta chanzo kabla ya kulipa. Tofautisha na vitabu vyenye leseni ya Creative Commons, inayoruhusu umma kuvitumia kwa masharti, kama hadithi nyingi za African Storybook: palipoandikwa CC BY, mtu anaruhusiwa hata kuuza mradi awataje waliozitunga, palipoongezwa NC (si kwa biashara), kuuza hakuruhusiwi.

Bei ndogo iliyo halali inavyoonekana

Kuijua kunakusaidia kuacha kumshuku kila mtu. Amazon humruhusu mwandishi anayejichapisha kuuza kuanzia dola 0.99. Mgawo wa mwandishi wa asilimia 70 hupatikana kati ya dola 2.99 na 9.99, nje ya hapo kwa kawaida ni 35, ndiyo maana bei nyingi zimejazana kwenye 2.99. Aliyejiunga na KDP Select, mpango wa Amazon wa waandishi wanaojichapisha, anaweza kukitoa kitabu bure kwa siku 5 katika kila siku 90. Basi kitabu cha bure leo ambacho kesho ni dola 4 si maajabu. Tovuti ya Humble Bundle nayo huuza mafungu ya vitabu kwa makubaliano na wachapishaji. Tofauti na ile folda ya 5,000 ni kwamba wachapishaji wenyewe wametajwa kwenye ukurasa.

Kwa vya zamani, tovuti za Project Gutenberg na Standard Ebooks hazidai hata senti. Kwa wanafunzi wa chuo, OpenStax ina vitabu kamili vya fizikia, takwimu, uhasibu na biolojia, bure. Vya wachapishaji wa Afrika, wakiwemo Mkuki na Nyota, hupatikana kwa njia ya African Books Collective. Walio Marekani, Kanada au Uingereza wana kadi ya maktaba ya mji, na kadi hiyo mara nyingi hufungua Libby, programu ya kuazima vitabu pepe, bila malipo. Na mwandishi wa Kiswahili anayeuza mwenyewe kupitia ukurasa wake kwa shilingi 3,000 za Tanzania ni halali kabisa, hata akipokea kwa namba binafsi. Hakikisha tu ukurasa ni wake: mpigie, au tazama kama mchapishaji au magazeti yamewahi kuuelekeza umma hapo.

Ukishalipa ukagundua

Huduma ya Safaricom ya kusambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 ni ya aliyekosea namba. Haikutengenezwa kurudisha pesa ya kitabu kilichokuja kibovu, na mpokeaji akishatoa pesa huna cha kurudishiwa. Kama ulitapeliwa, hukupata chochote, ripoti: Safaricom ni 333, Tanzania tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Hifadhi skrinishoti ya tangazo, mazungumzo na muamala kabla hujalalamika, maana muuzaji akishakuzuia anaweza kufuta tangazo na ujumbe wa upande wake.

Faili ifute kwenye simu, na pia kwenye Google Drive, ambako hubaki kwenye kapu la taka kwa siku 30. Kama uliingiza nywila popote, ibadilishe leo na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kama uliituma kwenye kundi, tumia "futa kwa wote" mapema, kwa sababu WhatsApp huondoa chaguo hilo baada ya takribani siku mbili, na baada ya hapo itabidi umwombe msimamizi wa kundi aifute.